Naomba ushauri: vitabu vipya kuhusu dini na mazingira, hasa kaya (misitu mitakatifu) za Wamijikenda

Wakuu, nahitaji orodha ya kusoma kwa darasa la watu wazima, Waislamu na Wakristo pamoja, hapa Kilifi. Msingi upo: makala ya mwanahistoria Lynn White ya 1967 iliyoulaumu Ukristo wa Magharibi kwa uharibifu wa mazingira, Laudato Si', waraka wa Papa Fransisko kuhusu mazingira (2015), na Al-Mizan, tamko la Waislamu kuhusu mazingira lililozinduliwa Nairobi 2024. Laudato Si' ina aya 246. Ukiwapa watu yote wanakukimbia. Kwa hiyo ni sura ya pili tu, na aya ya 67 isomwe kwa sauti, maana ndiyo inayochambua lile agizo la Mwanzo la kuilima bustani na kuitunza.

Pengo liko kwenye kaya. Maandishi mengi niliyo nayo yanaishia 2008, zilipoingia kwenye orodha ya UNESCO, tena yanahesabu miti kuliko kumsikiliza mzee wa kaya. Fingo (kago la kulinda kaya) lililozikwa, miiko ya kukata miti, vigango (nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliofariki) vilivyoibwa vikauzwa Marekani: yote hayo hupewa ukurasa mmoja!

Nani anajua kazi ya baada ya 2015, ikiwezekana ya Kiswahili, isiyozidi kurasa 200? Hata tasnifu ni sawa, mradi inapatikana bure.