MREJESHO: Niliyeuliza kama niache dagaa niende Tabora

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ndiye niliyeuliza: shemeji kaniita Tabora nimsimamie duka, nami nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mapenzi ya Mungu nitayajuaje?

Wengine mlisema niombe ishara kama Gideoni wa kwenye Biblia, aliyetandaza ngozi ya kondoo usiku aone kama Mungu atailowesha kwa umande. Sikuomba. Gideoni alikuwa ameshaambiwa na Mungu la kufanya. Ile ngozi ilikuwa ya wasiwasi wake tu, na wasiwasi mimi ninao wa kutosha.

Nilimfuata mama mchungaji. Nilimkuta anaanua dagaa, wingu limetanda ziwani. Akanipa beseni, tukaanua wote huku akinihoji. Mshahara mmekubaliana? Mama yako atabaki na nani? Mkopo wa kikundi umemaliza? Nikabaki namtazama. Tukaomba palepale, mikono inanuka dagaa.

Jioni nikampigia shemeji kuhusu mshahara. "Tutaelewana ukifika." Mmh!

Nimebaki. Sauti kutoka mbinguni sijasikia, ila amani ninayo, na usingizi umerudi. Shemeji kanuna kidogo, dada kanielewa. Mwenye safari ya treni kwenda Tabora wiki hii aniambie, nina kifurushi chao cha dagaa.