Je, fedha za afya zifuate idadi ya wakazi au zimfuate mgonjwa?

Ndugu zangu, hoja iliyo mbele yetu ni kwamba Mombasa inapunjwa, na kwamba dawa yake ni kuifuata kanuni ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", yaani kugawa kwa idadi ya watu, katika ugavi wa mapato ya taifa kwa kaunti za Kenya, kwa kuwa afya ni huduma ya watu wala si ya ardhi. Nusu ya kwanza naikubali. Nusu ya pili naipinga, ijapokuwa mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na kaunti yangu ingenufaika nayo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa na 315,943 Tana River. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, Mombasa ilitengewa takriban shilingi bilioni 7.57 na Tana River takriban bilioni 6.53, yaani shilingi 6,300 hivi kwa kila mkazi wa huku na zaidi ya 20,000 kwa kila mkazi wa kule. Anayeziona tarakimu hizi kwa mara ya kwanza ana haki ya kushtuka. Lakini zahanati inayohudumia watu wachache waliotawanyika kandokando ya mto Tana inahitaji muuguzi, jokofu la chanjo na gari la wagonjwa sawasawa na ile ya Kisauni, hapa Mombasa, yenye foleni tangu alfajiri, na gari hilo hulazimika kwenda mbali zaidi, mara nyingine kwa barabara iliyokatwa na mafuriko. Tukigawa kwa vichwa pekee, tutakuwa tumeifunga zahanati hiyo kwa kalamu.

Mombasa inapunjwa kwingine. Sensa humhesabu mtu alipolala usiku wa kuhesabiwa, ilhali ugonjwa humpeleka penye daktari bingwa. Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara, ni mali ya kaunti hii lakini hupokea wagonjwa kutoka Kwale, Kilifi, Lamu, Taita Taveta na Tana River. Nilipokuwa nikimuuguza shangazi yangu katika hospitali moja ya umma mjini hapa, kati ya akina mama sita waliolala chumba kile, wawili tu walikuwa wakazi wa Mombasa. Mmoja alikuwa ametoka Hola, Tana River, zaidi ya kilomita 200. Mgao wake ulibaki Hola, naye yuko kitandani huku.

Fomula ya tatu ya kugawia kaunti mapato, ambayo Seneti iliipitisha Septemba 2020 baada ya mvutano mrefu na ikatumika hadi mwaka wa fedha wa 2024/25, ilijaribu kuligusa jambo hili: uzito wa idadi ya watu ulishuka kutoka asilimia 45 hadi 18, na afya ikapewa asilimia 17. Hata hivyo, mgao huo haukuwa na masharti, hivyo shilingi iliyokokotolewa kwa jina la afya iliweza kuishia popote bunge la kaunti lilipoamua. Kisha, mwaka 2021/22, ruzuku maalumu ya hospitali za kiwango cha tano, yaani hospitali kubwa za rufaa za kaunti kama Makadara, ikaunganishwa na mgao wa jumla. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo kosa kubwa kuliko yote, nalo halitajwi sana katika mijadala yetu.

Napendekeza ruzuku hiyo irudi ikiwa na masharti, jambo ambalo Ibara ya 202 ya Katiba inaliruhusu, na igawanywe kwa idadi ya siku za kulazwa za wagonjwa waliotoka nje ya kaunti, kama zinavyoonekana katika rejista za hospitali.

Atakayesema kwamba bima ya afya ya taifa chini ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), iliyoanza Oktoba 2024, tayari humfuata mgonjwa, akumbuke kwamba mishahara ya madaktari na wauguzi wa kaunti bado hutoka katika mgao. Na atakayetaka Kilifi au Kwale zitumiwe ankara moja kwa moja, nahofia kwamba kaunti inayodaiwa itaanza kuchelewesha rufaa, na gharama ya kuchelewa huko ataibeba mama mwenye uchungu wa kujifungua. Ninachotaka kusikia kwenu, hasa mliofanya kazi katika rekodi za hospitali, ni hili: je, rejista zetu huandika kwa uhakika kaunti anayoishi mgonjwa, au huandika tu mahali alipofikia kwa jamaa zake mjini?