Mliofika Guangzhou mara ya kwanza, kitu gani kiliwashtua?

mamapochi_kkoo
Habari za humu wapendwa. Mwezi wa kumi naenda Guangzhou kule China, safari yangu ya kwanza kutoka nje ya Afrika, nafuata mikoba. Miaka yote nachukua kwa watu hapa hapa Kariakoo sasa nimesema ngoja na mimi nikajionee inakotoka. Siulizii viza wala nauli, hayo nimeshamaliza, naulizia yale mtu hakwambii, yaani umeshuka kwenye ndege, umetoka nje, nini kilikushtua? Mdogo wangu kaenda mara mbili nikimuuliza anasema "pazuri tu dada", sasa pazuri ndo nini jamani.

Mzee wa CBM
Dada hongera. Mimi nilienda 2014. Magorofa yalinishangaza siku mbili tu nikayazoea, kilichonishtua ni kuwa bubu. Kariakoo mdomo ndo mtaji, unamwita mteja, unamtania, unamlilia hali mpaka anapunguza, sasa nimeingia soko la mikoba pale Sanyuanli mdomo wote umebaki mlangoni. Mama mwenye duka ananiita "pengyou pengyou" (rafiki hiyo), namuulizia begi bei gani, ananyoosha dole gumba na kidole cha shahada kama mtoto anayecheza bastola. Mimi nikahesabu vidole viwili, nikajua ni yuan 20, moyoni nasema leo nimeokota. Nikamwonyesha nataka pisi 100. Akachukua kalkuleta akaandika, kunigeuzia inasoma 8000! Nikajua kakosea, namwonyesha vidole viwili vyangu, yeye ananionyesha ile bastola yake, tukabishana hivyo kama dakika tano bila neno hata moja mpaka binti yake akaja akacheka sana. Kumbe bastola ni nane. Na gumba na kidole cha mwisho kama unapiga simu ni sita. Kariri hizo kabla hujaondoka, na usikubali bei yoyote ambayo hujaiona kwenye kalkuleta.

Halafu tarehe 15 mwezi wa kumi yanaanza yale maonyesho ya biashara ya Canton Fair mpaka mwanzoni mwa mwezi wa 11, bei za hoteli zinaruka. Kama huna shida na maonyesho sogeza safari.

swaleh_mji_wa_kale
Mie wa Mombasa, yangu yalinikuta mezani. Nimekaa na njaa, nikaletewa bakuli, vijiti, na buli la chai ya moto, na bakuli jengine kubwa tupu pembeni. Nikamimina nikanywa, ikawa haina ladha lakini nikasema ndiyo chai yao. Kutazama meza ya pili, wazee wale wanaosha vikombe na vijiti kwa ile chai ya kwanza kisha wanaimwaga kwenye lile bakuli kubwa! Ndiyo desturi ya watu wa Guangzhou, na hakuna aliyenicheka, walijifanya hawakuona, wallahi hilo ndilo lililonitia haya zaidi. Na maji ya kunywa pia utaletewa ya moto, jua liwake vipi.

Kama wala halali tafuta mikahawa ya tambi yenye maandishi 清真 juu ya mlango, tambi wazivuta kwa mkono mbele yako. Na Ijumaa nenda msikiti wa Xianxian. Wenyeji wasema pale ndipo alipozikwa Sahaba Saad bin Abi Waqqas, ingawa wanavyuoni wasema kaburi lake liko Madina, hayo tuwaachie wao. Mie baada ya wiki nzima ya kuashiria kwa mikono nilisikia mtu nyuma yangu asema "we bwana sogea kidogo", nusura nimkumbatie.

mwanafunzi_gz
Mimi naishi huku mwaka wa tatu. Mzee wa CBM ile Xiaobei (mtaa wa Waafrika hapa Guangzhou) uliyoiona 2014 siyo hii ya sasa, Waafrika wamepungua sana, dada asije akategemea kukuta Mswahili kila kona wa kumtafsiria.

Dada Google na WhatsApp huku hazifunguki kwa intaneti ya kawaida, weka VPN (app ya kufungua mitandao iliyozuiwa) ukiwa bado Dar maana ukishafika hata kuipakua ni kazi, au ukitumia laini yako ya nyumbani kwa roaming zinafunguka ila bando lake litakuumiza. Alipay (app ya kulipia kwa simu) nayo iweke kabla, unganisha kadi yako ya Visa, maana hata muuza viazi vitamu barabarani ana karatasi ya kuskani, ukimpa noti ya mia anaanza kuhangaika na chenji. Anwani ya hoteli iwe kwa Kichina kwenye simu, piga skrinishoti. Na hakikisha inapokea wageni wa nje, mimi hoteli ya kwanza nilifika saa tano usiku na begi langu wakanikataa kaunta.

Wale watakaokufuata uwanjani "taxi, taxi" achana nao, nenda kwenye foleni rasmi. Ukiwa huna mizigo mingi panda metro laini ya 3, shuka Jiahewanggang, chukua laini ya 2 mpaka stesheni kuu ya treni, halafu laini ya 5 kituo kimoja tu uko Xiaobei.

Kilichonishtua mimi ni pikipiki za umeme. Zinapita hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu na hazina sauti kabisa, sisi tumezoea boda unaisikia toka mtaa wa pili.

mamapochi_kkoo
Jamani nacheka peke yangu dukani wateja wananiangalia. Asanteni, tarehe nasogeza mwezi wa 11 katikati. Mzee, yale mabegi ulichukua?

Mzee wa CBM
Nilichukua 50, kwa 65. Ile tano ya mwisho alinipunguzia sababu ya bastola.