Misaada kwa wakimbizi wa Nyarugusu kutoka Moshi: tupitie wapi?

Mama Upendo, Pasua: Habari zenu ndugu. Kikundi chetu cha akina mama kimekusanya nguo na magunia ya mahindi kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo na Burundi walioko kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Tunakusudia kukodi lori. Je, tunaruhusiwa kufika na kugawa wenyewe?

Mdau wa Arusha: Shikamoo mama. Kugawa wenyewe haitawezekana. Kambi ile inaendeshwa chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na mgeni haingii bila kibali cha idara inayoshughulikia wakimbizi, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa hiyo barua itangulie, lori lifuate. Sababu yake ipo. Mgawo wa chakula wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, hutolewa kwa orodha ya kaya zilizosajiliwa, kwa kuzingatia idadi ya watu katika kila kaya, ilhali lori moja la nguo likifunguliwa katikati ya maelfu ya watu hakuna atakayejua nani apate na nani akose, na katika kusukumana huko wajane, wazee na watu wenye ulemavu ndio watakaorudi mikono mitupu.

Mtunza ghala: Kuhusu mahindi, yakifungwa kwenye gunia yakiwa na unyevu huota ukungu na kuingiwa na sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa, hivyo shirika makini litataka yapimwe kabla ya kuyapokea. Uzeni hapo hapo Moshi, nguo nazo zipelekwe soko la mitumba la Memorial, kisha fedha mzikabidhi kwa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, ambacho kimekuwa kikitoa huduma za afya kambini. Gharama ya lori hadi Kigoma huenda ikazidi thamani ya mzigo wenyewe.

Binti wa Sakina: Siafiki kwamba kila kitu kiuzwe. Taulo za kike na sabuni hazichagui kimo wala umri. Ulizeni kwanza UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, au mashirika yaliyoko kambini ni nini kimepungua.

Mama Upendo, Pasua: Marahaba mwanangu, na asanteni nyote. Lori tumeliahirisha na barua inaandikwa. Mahindi yatauzwa, ila kuhusu nguo wanachama bado wanavutana, maana baadhi yao walitoa vitenge vipya na hawataki kuvikuta vimetandazwa Memorial.