Cheki niliyoweka benki haionekani, muhuri wao ninao, wanasema hawaijui. Nifanyeje?

fundi_nyaya:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa. Wiki 3 zilizopita mteja alinilipa kwa cheki, kazi ya karibu miezi miwili hiyo, nikaenda tawini nikajaza fomu ya kuweka, dada wa kaunta akapokea akagonga muhuri kwenye kipande changu nikaondoka. Nikajua siku mbili tatu hela itakuwa imeingia. Mpaka leo salio halijaongezeka hata senti. Nimerudi pale mara nne, mara ya kwanza wakasema mtandao, mara ya pili iko kliaringi (kule benki zinakolipana cheki), mara ya tatu mhusika yuko likizo, na juzi ndo wakaniambia kwenye mfumo hawaoni cheki yoyote ya jina langu siku ile. Sasa huu muhuri nilionao ulitoka wapi? Mteja anasema yeye kashalipa, na vijana niliofanya nao kazi wananidai mimi. Nimwombe mteja aandike nyingine au nianze na polisi?

mama_mahesabu:
Pole sana kaka. Kabla hujarudi tena kwenye ile kaunta tafuta jibu la swali moja tu, hela imeshatoka kwenye akaunti ya mteja wako au haijatoka? Hapo ndo kila kitu kinapogawanyika. Na anayelijua jibu si benki yako, ni mteja, anaangalia stetimenti yake anatafuta namba ya ile cheki. Kama haijatoka basi cheki imepotea njiani na inawezekana kuisimamisha, yaani mteja anaiambia benki yake isiilipe, na kuandika nyingine. Kama imetoka, kuna akaunti mahali imepokea, na hapo mteja aiombe benki yake kopi ya cheki iliyolipwa, mbele NA nyuma. Sisisitizi nyuma bure, huko ndo kunakuwa na muhuri wa benki iliyoipokea na mara nyingi namba ya akaunti ilikoingia. Mimi natunza vitabu vya watu, nimeona watu wanagombana miezi na meneja wa tawi na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitazama hiyo kopi.

nyuma_ya_kaunta:
Nimefanya kazi kitengo cha kliaringi miaka 11. Umeandika kwamba hawaoni cheki "ya jina lako". Hapo ndo penye shida ndugu yangu, wametafuta kwa jina! Cheki haisafiri kwa jina la anayelipwa. Angalia chini ya cheki yoyote kuna mstari wa tarakimu zenye maandishi ya ajabu ajabu, zimechapwa kwa wino wenye sumaku ili mashine isome, pale kuna namba ya cheki, namba ya utambulisho ya benki na namba ya akaunti ya aliyeandika. Waambie watafute kwa namba ya cheki, kiasi na tarehe. Mambo niliyokuwa nakutana nayo mimi mara nyingi ni haya: mtu anaingiza namba ya akaunti anageuza tarakimu mbili hela inaangukia kwa mtu mwingine kabisa, au fomu inaachana na cheki, hela inaingia lakini mwenyewe hajulikani basi inakaa kwenye akaunti ya muda ya benki mpaka mtu aulize. Wizi upo, siwezi kusema haupo, ila polisi mtangulize pale kopi ikionyesha imeingia kwa mtu usiyemjua na benki haina maelezo.

Na acha kwenda kuongea kwa mdomo. Andika barua ya malalamiko, taja siku, saa uliyokuwepo, kaunta, namba ya cheki, kiasi, ambatanisha KOPI ya kile kipande chenye muhuri. Orijino usimpe mtu yeyote hata akiwa meneja, mwonyeshe tu. Dai namba ya malalamiko. Na uombe kwa maandishi watunze picha za kamera za siku ile, maana zinafutwa zikijaa na wiki 3 tayari ni nyingi.

jirani_mwema:
Mi nakushauri mteja akuandikie nyingine leo hii tu uendelee na maisha, ya benki watajuana wenyewe

mama_mahesabu:
Hapana @jirani_mwema, hapo utamponza mteja wa watu. Akiandika ya pili kabla hajaisimamisha ya kwanza kwa maandishi benki kwake zinaweza kulipwa zote mbili. Na kusimamisha kunasaidia tu kama haijalipwa. Tena muda unahesabika, nchi nyingi benki hailazimiki kulipa cheki iliyopita miezi 6 toka tarehe iliyoandikwa, India ni miezi 3 tu.

fundi_nyaya:
Nimeongea na mteja, kaangalia stetimenti, hela ILITOKA siku 2 baada ya mimi kuweka. Moyo umenidunda kweli. Kaomba kopi, kaambiwa asubiri.

nyuma_ya_kaunta:
Usiogope, hiyo ni afadhali kuliko cheki iliyopotea. Ukikuta muhuri wa nyuma ni wa benki yako basi waliipokea wao na kuwasilisha wao, hawawezi tena kusema hawaijui. Wewe uliwapa wakukusanyie hela, ni jukumu lao kueleza wameipeleka wapi, si jukumu lako kumtafuta aliyeipata. Wakizungusha omba jibu la mwisho kwa maandishi, ukilipata hata kama ni la kukukatalia unaenda nalo kwa msimamizi wa mabenki au ofisi ya usuluhishi wa wateja kama ipo. Uingereza kwa mfano benki inapewa wiki 8, zikipita bila jibu unaenda Financial Ombudsman Service bila kulipa chochote.

fundi_nyaya:
Narudi kutoa mrejesho. Kopi ilitoka, nyuma kuna muhuri wa benki yangu, tawi lile lile, na namba ya akaunti karibu sawa na yangu isipokuwa 6 na 9 zimebadilishana nafasi. Nikaenda na barua kama mlivyonielekeza, sikukaa foleni ya kaunta, niliomba anayeshughulikia malalamiko. Alipoiona kopi akanyamaza kidogo, akaingia ndani, akarudi akasema watairekebisha. Imechukua siku 4, leo asubuhi hela imeingia yote. Vijana nimeshawalipa wote. Ila kuna makato nilikatwa ya salio kushuka kipindi chote hicho, hayo wamekaa kimya.

mama_mahesabu:
Alhamdulillah! Makato nayo wadai kwa namba ile ile ya malalamiko, usikubali waifunge kabla. Waandikie kwamba salio lilishuka kwa sababu hela yako ilikuwa kwenye akaunti isiyo yako, na uorodheshe kila kato na tarehe yake.

fundi_nyaya:
Naandika sasa hivi, kesho naipeleka wagonge muhuri kwenye kopi yangu. Asanteni sana.