"Literally": neno limeharibika au limekua?

Mtoa mada: Wakuu, neno hili la Kiingereza linanikera. Mtu anasema "I literally died", yaani nilikufa kabisa, na bado yupo, anacheka. Asili yake ni Kilatini, littera, yaani herufi. Maana yake ni jambo kama lilivyo, bila chumvi. Likibaki la kutia mkazo tu, mwenye habari ya kweli atasemaje? Kosa hili naliona zaidi kwa vijana wa shule za kata, hizi sekondari za serikali za kila kata.

Bandari: Shule za kata zimeingiaje hapa? Frances Brooke, mwandishi Mwingereza, alilitumia kwa chumvi mwaka 1769. Usitusingizie.

Mwl. Kidato cha Pili: Nafundisha kata, na sentensi hiyo imeniuma. Mwanafunzi wangu aliandika "the river literally entered our house". Nilipomuuliza, akanionyesha daftari lenye madoa ya tope hadi katikati. Mto uliingia ndani kweli. Huyo ndiye unayesema hajui?

Ngalawa: Turudi kwenye mada. Kama 2013 hivi watu walichachamaa kwamba kamusi ya Oxford imekubali maana ya chumvi. Merriam-Webster, kamusi ya Wamarekani, walishaiweka tangu 1909.

Mtoa mada: Kamusi kuandika si kuhalalisha. Na sijamtukana mtu, nimesema ninachokiona.

Bandari: Umetukana. Futa.

Mkufunzi: Mtoa mada, "very", yaani "sana", ilitoka Kifaransa cha zamani, verai, maana yake "-a kweli". Leo ni mkazo mtupu na hulalamiki. Hata sisi tunasema "nimechoka kweli" na hakuna anayedai ushahidi.

Ngalawa: Hapo umemaliza, mkuu.

Mtoa mada: Hajamaliza. "Very" ilipopotea, "literally" ilikuwepo kushika nafasi. Hii ikienda, iliyobaki ni ipi?

Bandari: Bado hujafuta.

Mwl. Kidato cha Pili: Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza fizikia, kemia, karibu vyote vinageuka Kiingereza. Sera ya Elimu ya Tanzania ya 2014 ilisema Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Darasani kwangu vitabu bado ni vya Kiingereza. Mnawahukumu kwa kielezi kimoja, wakati swali la mtihani wenyewe hawalielewi?

Mkufunzi: Mwalimu, hapo sikubaliani. Kiswahili cha fizikia kiko wapi?

Mwl. Kidato cha Pili: Kipo. Kanieneo, yaani "pressure", mkondo, msukumo. Nawafundishia kila wiki, na wanaelewa.