Fangasi ukeni zinajirudia: nipandishe pH au niishushe?

Nimechoka_Kuwashwa:
Habari zenu wapendwa. Fangasi hazinipi nafasi. Muwasho mpaka usingizi unakatika, uchafu mweupe wa mabonge, na nikikojoa kunachoma. Nikiweka dawa zinatulia, mwezi ukigeuka zimerudi. Rafiki yangu anasema mwili wangu una asidi nyingi, ninywe bekingi soda na niache nyama. Mwingine anasisitiza ninawe kwa siki. Huyu anapandisha, yule anashusha. Nimfuate nani? Na kitunguu saumu cha kuweka ndani je?

Wa_Maabara:
Pole sana dada. Usimfuate hata mmoja. Sampuli za namna hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Uke wenye afya una asidi, pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) kama 3.8 hadi 4.5, kwa sababu bakteria walinzi waitwao laktobasili wanatengeneza asidi ya laktiki. Nikigusisha karatasi ya pH kwenye uchafu wa mwenye fangasi, mara nyingi rangi inabaki palepale pa kawaida. Nikidondoshea potasiamu haidroksaidi, kemikali ya maabara, seli za mwili zinayeyuka, na kwenye hadubini naona vijiduara vinavyochipua na nyuzi. Yaani fangasi zinastawi humohumo kwenye asidi! Karatasi ikipanda juu ya 4.5, mawazo yangu yanakwenda kwenye maambukizi ya bakteria, hasa kukiwa na harufu ya samaki, na hayo dawa yake ni nyingine kabisa.

Bekingi soda ya kunywa haifiki huko. pH ya damu inashikiliwa na mapafu na figo kati ya 7.35 na 7.45, ule nyama usile. Siki na kitunguu saumu vinaunguza ngozi ambayo tayari imechubuka. Naomba sana, usiweke.

Mama_Pacha:
Na mtindi? Mimi nilikuwa napaka, baridi yake inatuliza.

Wa_Maabara:
Kula mama, ni chakula kizuri. Kutuliza si kutibu, na ushahidi kwamba unazuia fangasi kurudi ni hafifu.

Dada, zikirudi mara 3 au zaidi kwa mwaka, omba zioteshwe maabara ijulikane ni aina gani. Nyingi ni Candida albicans. Kwa aina hiyo daktari anaweza kukupa flukonazoli, kidonge cha fangasi, miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, halafu moja kila wiki kwa miezi 6. Aina nyingine, Candida glabrata, mara nyingi inaikaidi dawa hiyo. Pima sukari na VVU pia, na useme kama umekuwa ukimeza antibayotiki.

Nimechoka_Kuwashwa:
Asante mno. Sukari sijawahi kupima, na mama yangu anayo. Vidonge vya asidi ya boriki je?

Wa_Maabara:
Kama mama anayo, anza na hiyo sukari. Boriki ipo, ya kuweka ukeni tu, kwa maelekezo ya daktari, hasa kwa glabrata. Ikimezwa ni sumu, watoto wasiifikie, na mjamzito haruhusiwi. Mjamzito asinywe flukonazoli vilevile, atapewa ya kupaka au kuweka kwa siku 7. Ukienda kupima, usiwe umeweka dawa yoyote wala kunawa ndani siku hizo, sampuli inaharibika.